Mke Mwenzangu Juu ya Farasi

Mke mwenzangu alikuwa akipanda farasi usingizini. Najua kwa sababu tulilala mkeka mmoja, alasiri, jua linapokuwa kali hata kuku wa Palma hawana la kusema, na mateke yote yalinipata mimi. Yalianza taratibu. Kwanza visigino vilijibana, kama mtu anayekumbatia gunia kwa miguu. Kisha magoti yakapanda na kushuka chini ya kanga, na pumzi ikafuata magoti, na mara mojamoja ulimi ukalia kinywani, ile sauti ya kumhimiza mnyama. Mimi nilikaa nikimtazama, nikimpepea kwa daftari la Jeografia, ambalo kwa kazi hiyo lilikuwa zuri sana.

Mke mwenzangu ni bibi yangu, mzaa mama. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, basi bibi anakuwa mke mwenza, na wake wenza mnawajua wana ruhusa gani. Tangu nijue kusema nimemwita kikongwe aliyekataa kuhama, naye ameniita mwizi wa waume za watu. Babu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na moja. Bibi alipoingia eda alinikatia kipande cha nguo yake nyeupe nijifunge kichwani, akasema tumefiwa wawili, tusigombane. Tuligombana hivyohivyo, lakini kwa sauti ya chini.

Alikuwa mkunga. Baada ya uhuru serikali ilimpeleka Manica, mbali huko milimani karibu na mpaka, ambako walowezi walikuwa wameondoka wakaacha nyumba, piano na farasi. Piano haikufaa kitu. Farasi alifaa, kwa kuwa barabara hazikuwepo na watoto wa milimani hawakungoja barabara. Basi msichana wa pwani, ambaye mnyama mkubwa aliyewahi kumshika ni mbuzi wa Idi, akafundishwa na mchunga farasi mmoja wa huko, na kwa miaka sita akaenda kuzalisha akiwa juu ya farasi, mkoba wa mikasi na pamba kifuani. Kuna watu wazima leo Manica ambao sauti ya kwanza waliyoisikia duniani, kabla ya adhana na kabla ya mama zao, ni farasi akipiga chafya nje ya dirisha.

Babu alikuwa dereva wa lori la dawa, mtu wa hapa hapa. Alimkuta kule, akamwoa, akamrudisha baharini. Miaka thelathini na kitu Bibi akazalisha wilaya nzima kwa miguu. Siku alipoingia reforma, yaani alipostaafu, walimpa hati na saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndipo angehitaji kujua ni saa ngapi.

Halafu ikaja gesi. Sisi hatukuiona. Gesi haionekani, na huo ndio uzuri wake kwa wanaoizungumza. Tulichoona ni taa. Jioni ukitazama nje ya ghuba ulikuta mji umekuja ukasimama juu ya maji, unawaka bila nyumba, na asubuhi mji haupo. Helikopta zilipita juu ya darasa letu la kumi, na mwalimu wa Kemia akanyamaza mpaka zipite, halafu akasahau alikuwa wapi, nasi hatukumkumbusha. Kila mtu aliota. Wavulana waliota kofia za plastiki ngumu, mama aliota bati, mjomba wangu kule Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, aliota cheo. Nilimuuliza Bibi yeye gesi itamletea nini. Akajibu kwamba anayo tumboni tangu uhuru na haijamletea kitu.

Kumbe ilimletea farasi.

Mzungu mmoja mwembamba alipiga mahesabu kwamba wakubwa wa gesi, wakichoka kuchimba, watataka kupanda farasi ufukweni. Akaleta watatu kwa lori kutoka Chimoio, kulekule Manica. Mbung'o waliwaonja njiani, na kabla ya mwezi kwisha wawili wakafa, kwani mbung'o hawasomi mipango ya biashara. Mzungu akaondoka kutafuta wenye mitaji, akamwacha farasi mmoja, jike la rangi ya chai ya maziwa, katika kiwanja chenye minazi nyuma ya ghala bovu la zamani. Akamwacha pia mlinzi kutoka Mbau, mtu mwema, aliyemwogopa mnyama hivi kwamba alimrushia majani kutoka mbali, kama mtu anayelisha moto.

Tulikuwa tukipita njia ile mimi na Bibi, tumetoka kumwona mzazi. Bibi akasimama katikati ya njia. Akanusa.

"Kuna farasi," akasema.

Nikamwambia hiyo ni harufu yake mwenyewe, jua limempata. Hakujibu, na Bibi kutonijibu ni jambo la kutia hofu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ua wa makuti, akapitisha mkono, kiganja wazi, na kutoka kivulini kikaja kichwa kirefu, kikaweka midomo yake kwenye kile kiganja kama mtu anayesoma maandishi madogo. Bibi akaanza kuongea. Hakikuwa Kiswahili wala Kireno. Ilikuwa lugha ya kule Manica, nami sikuwahi kujua kwamba anayo. Ilikuwa kama kugundua kwamba nyumba uliyozaliwa ina chumba kingine, na kwamba mtu amekuwa akikifagia siku zote.

Tangu hapo, kila tukiamka usingizi wa alasiri, tulikwenda. Mama aliambiwa kuna mgonjwa wa kukandwa. Fundi cherehani aliambiwa ashone suruali pana ya kapulana, kitenge cha huku kwetu, na aliponiuliza ni ya nani nilimwambia ni mtindo mpya wa Maputo, akashona mbili, moja akamvalisha mkewe. Bibi alivaa ya kwake chini ya gauni, akapaka msiro usoni, ule weupe wa kuponda kwa jiwe, kama msichana anayekwenda ngomani.

Siku ya kwanza mguu haukupanda. Alisimama juu ya ukuta uliovunjika wa ghala, mgongo wa farasi ukiwa pale pale, hatua moja, akautazama kama mtu aliyefika kivukoni akakuta mashua imeondoka. Nyonga ilikataa. Tukarudi nyumbani. Siku ya pili ilikataa. Siku ya sita, mlinzi akishika kamba kwa mikono miwili huku amefumba macho, Bibi akapita hewani kidogo, akakaa kwenye tandiko aliloliacha Mzungu. Akazunguka kiwanja mara moja, kwa kamba, minazi ikimpisha.

"Umekaa kama gunia la mihogo," nikamwambia.

"Na bado nakuona utosi, mwizi."

Wiki tatu walizunguka kiwanja kile. Wakati mwingine nilisinzia ukutani, na nikifumbua macho sikujua kama naona farasi anayetembea au minazi inayozunguka polepole na Bibi ametulia katikati. Alikuwa ameanza kunyooka. Hata nyumbani alikaa akiwa amenyooka, akichambua mchele kama anautazama kutoka juu.

Kisha mlinzi akapigiwa simu: lori linakuja Jumapili kumchukua farasi, amepata mnunuzi huko kusini. Bibi hakusikitika mbele yetu. Alihesabu vidole, akasema Jumamosi ni bamvua. Asubuhi ile maji yangekupwa hadi mbali kabisa, na mchanga ungelala mgumu, tambarare, kutoka mjini hadi mikoko ya upande wa pili wa ghuba.

"Mara moja tu," akaniambia. "Bila kamba, bila mtu. Hadi kwenye mikoko na kurudi. Halafu wamchukue."

Nikaapa kufunga mdomo. Na ningeufunga, lakini ulimi wangu una miguu yake.

Ilikuwa Jumatano. Pale nyumbani tuliishi na mkaza mjomba, mke wa mjomba wangu, mtu wa kusini kabisa, ambaye serikali ilimleta kufanya kazi ofisi ya wilaya huku mumewe akibaki Pemba. Ni mtu mzuri. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha kuchagua, kama mtu anayevuka matope kwa kukanyaga mawe. Akaniuliza habari za Bibi, mnh, Mama anakwenda wapi kila alasiri, amepaka msiro, anarudi ananukia vile?

Nikavaa uso wa msiba. Nikamwambia mke mwenzangu anaolewa. Ameniacha mjane peke yangu. Bwana katoka Chimoio, mrefu, mkimya, meno yote anayo, na Bibi humchana nywele kwa mikono yake. Nikafuta na chozi.

Mama yangu angenirushia kata ya maji na hadithi ingekwisha hapo, kwani angejua ni utani, mke mwenza akimsengenya mke mwenza. Mkaza mjomba aliweka kikombe chini. Kwao wana utani wao, si huu. Na miezi ile wageni walikuwa wengi, na tulishasikia habari za wanaume wanaotongoza wajane wenye viwanja kando ya bahari, wapate mahali pa kujenga kabla gesi haijapandisha bei. Aliogopa kwa haki. Aliingia chumbani akampigia simu mumewe.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, pikapu ikasimama mlangoni. Mjomba alikuwa amekuja tangu Pemba, na vumbi la barabara ya Awasse lilikuwa limemkalia hadi kwenye nyusi. Kwetu mjomba ndiye paa la nyumba: mama hununua sufuria kwa shauri lake. Hakukaa wala hakunywa maji. Alinitazama mimi, kwa kuwa mkewe alikuwa amemtajia chanzo cha habari, akasema nimpeleke kwa huyo bwana harusi.

Nikampeleka. Njiani nilifurahi kidogo, nisiwadanganye. Nilidhani akifika atacheka, sote tutacheka, na itakuwa hadithi yangu bora kuliko zote.

Alisimama mbele ya farasi. Farasi akamtazama huku anatafuna. Mjomba akamuuliza mlinzi nani anampanda mnyama huyu, na mlinzi, mkweli wa Mbau, akajibu, "Mama mkubwa, bwana. Kila siku."

Hakucheka. Alilibeba tandiko la farasi mwenyewe, akalitia ndani ya pikapu, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kikao kilikaa uani alasiri ileile, saa ya usingizi wetu. Mjomba kitini, mama na mkaza mjomba kwenye mkeka, Bibi kwenye mkeka mwingine na ungo wa mchele. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, karibu na mlango, mahali pa mtu anayetarajia kukimbia. Mjomba hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alizungumza juu ya mifupa, kwa upole, kwamba mtu wa umri ule akivunjika nyonga haondoki kitandani, na mwenye kujua hilo kuliko wote ni mama yake, aliyewauguza wengi hadi wakaondoka. Akazungumza juu ya heshima, watu watasemaje, mjane wa fulani juu ya farasi na suruali. Bibi alichambua mchele. Kwa kila neno alikuwa na jibu. Niliona majibu yakimjia na akiyaweka kando pamoja na mawe.

Mjomba akasema, "Baba angekuwa hai, asingekubali."

Mikono ikasimama juu ya ungo. Bibi, aliyewahi kumfukuza daktari kwenye wodi yake mwenyewe, akainamisha kichwa. Mwenye jibu la hilo alikuwa kaburini. Na mgongo ule ulionyooka wiki tatu niliuona ukirudi mahali pake pa zamani, pingili kwa pingili. Kesho maji yangekupwa na kujaa bila yeye, keshokutwa lori. Mimi ndiye niliyemuuza, kwa kicheko kimoja ambacho hata sikukipata.

Nikanyoosha kidole kama darasani.

"Mjomba, shikamoo."

"Umeshaniamkia."

"Nilikuamkia kama mpwa. Sasa nasema kama mama yako mdogo. Na ukitaka kuniamkia wewe, nitaitikia."

Mama akaniambia ninyamaze. Mkaza mjomba akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta ukurasa. Lakini mjomba ni mtu wa pwani. Alijua kwamba mke wa babu akidai kiti chake huwezi kumnyima, utaonekana wewe ndiye mtoto. Akashusha pumzi.

"Shikamoo ya bure hiyo," akasema. "Sema, mama mdogo."

Nikasema wajane wa baba yake tuko wawili, na ameuliza mmoja tu. Nilikuwa nimepanga kuendelea na mzaha, kuna mengine matatu mazuri nilikuwa nayo tayari. Hayakutoka. Kilichotoka ni kitu nilichokuwa nimekiweka tangu nikiwa na miaka kumi na moja, nikidhani ni maneno ya homa.

Siku za mwisho za Babu mimi ndiye niliyempepea. Alilala kitanda cha kamba pale pale uani. Bibi alipita na ndoo, ameinama, Babu akageuza shingo akamfuata kwa macho hadi jikoni. Nikawasimulia kikaoni alivyosema, kwa maneno yake.

"Mke mwenzio unamwona mfupi. Mimi nilimkuta juu. Nilikuwa nikimtazama kwa kuinua kichwa, na jua lilikuwa nyuma yake. Nikamshusha, nije nimweke jikoni." Nikangoja kidogo, kwa kuwa na yeye alingoja. "Sikupaswa kumshusha haraka vile."

Bibi akainua uso.

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Halafu akaomba uji."

"Wa namna gani?"

"Bila sukari. Na usiniletee ule wa jana."

Bibi akacheka kwa pua, mara moja, na machozi yakachora njia mbili kwenye msiro. Ndiye, akasema. Huyo ndiye. Mjomba alitazama miguu yake mwenyewe kwa muda mrefu, miguu ya Babu kabisa, vidole vipana. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pikapu, akauinamia mkeka akauweka karibu na ungo.

"Kamba nitashika mimi," akasema.

"Utaishika," Bibi akajibu. "Mpaka mchangani."

Asubuhi bahari ilikuwa imeondoka. Sijui kusema vingine. Mahali pa maji palikuwa na mwanga tu, uliolala chini, na wanawake wachache wa kuvua pweza wakitembea ndani yake bila kuwa na miguu. Mbali kabisa meli za gesi zilikuwa bado zimewasha taa, taa hafifu mchana, kama watu waliosahau kuzima. Tulitembea tukifuatana: farasi, Bibi juu yake amepaka msiro mpya, mjomba mbele na kamba, mlinzi, mama, mkaza mjomba ameshika viatu vyake vya ofisi mkononi. Kwato zilikuwa hazitoi sauti, zilitoa alama tu, na kila alama ilijaa maji na kipande cha mbingu nyuma yetu.

Mchanga ulipokuwa mgumu Bibi akasema, "Mwanangu, achia."

Mjomba akaendelea kutembea hatua tatu, nne, kama hakusikia. Akasimama. Alifungua fundo polepole, akajizungushia kamba mkononi.

Ulimi wa Bibi ukalia kinywani, sauti ileile ya mkekani. Visigino vikajibana. Nilijua kila hatua itakayofuata, nilikuwa nimepigwa nazo mateke miezi yote ile. Farasi akatembea, akatembea kwa haraka, kisha akafungua miguu, na magoti ya Bibi yakapanda na kushuka, na gauni likajaa upepo, na suruali ya kapulana ikaonekana kwa Palma nzima. Wanawake wa pweza wakanyoosha migongo. Helikopta ikapita kuelekea melini. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona helikopta ikipita na hakuna anayeitazama.

Alikwenda akiwa mdogo, lakini hakuwa mfupi. Mwanga wa chini ulimwinua, farasi akapoteza miguu, kisha akapoteza tumbo, na kilichobaki ni mwanamke mmoja mrefu sana, anayepita juu ya nchi kavu ya bahari. Karibu na mikoko akayeyuka. Mjomba alikuwa ameshika kamba isiyo na kitu mwisho wake. Nikahesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

Mkaza mjomba alinishika mkono.

"Ndiye bwana harusi?" akaniuliza.

"Ndiye."

Akafikiri. "Mzuri," akasema.

Kitone cheupe kikatokea kwenye mikoko, ule msiro, kisha kichwa kirefu chini yake. Alirudi kwa mwendo wa kawaida, hatamu zimelegea, kama mtu anayetoka sokoni. Alipofika tulimtazama kwa kuinua kichwa, sote, mjomba akiwa wa kwanza, na jua lilikuwa nyuma yake. Hakusema alichokiona. Akamnyooshea mjomba mikono ashushwe, na mjomba akamshusha polepole.

Jumapili lori likaja likaondoka. Bibi alikwenda kumwambia farasi maneno kwa lugha ile, akarudi, akala samaki, akatandika mkeka. Nikalala kando yake na daftari langu, nikingoja mateke. Kuku walinyamaza. Visigino vilitulia. Magoti yalitulia. Alilala kama mtu aliyefika.

Mimi nilikaa macho nikiitazama ile miguu, hata nikaona vibaya, nikaanza kuutikisa mguu wangu mmoja.

"Unangoja nini?" akauliza, macho amefumba. "Lala, mke mwenzangu. Leo zamu yako."